Kibao cha Mama Simu

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi na mbili jioni, mpokea simu wa kikosi chetu cha mashujaa anastaafu baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne ya utumishi. Amepokea simu 41,306. Nimezihesabu mwenyewe, maana katika ofisi hii nimejifunza kutomwachia mtu hesabu.

Jina lake la kazi ni Mama Simu. Nilipopewa jukumu la kuandika wasifu huu alinijia karakanani, akaegemea mlango. "Fundi, andika yote. Ukinipaka sukari, hafla yenu siji." Basi naandika yote.

Alianza kazi wakati ofisi ni chumba kimoja, meza ina miguu mitatu na nusu, na Kamanda wetu ndiye peke yake aliyeweza kuruka angani. Mtu akipiga simu huku analia, Mama Simu alimwuliza kwanza mlango wake una rangi gani. Anayetafuta jibu la rangi husahau kulia, na anuani inatoka yenyewe. Siku Chuma, mwenye nguvu kuliko sisi sote, alipoinua lori kwa mkono mmoja, kumbe si lori alilotumwa kuliinua, Mama Simu ndiye aliyemwambia redioni kwa sauti ile ile ya kila siku: "Lirudishe taratibu, mwanangu, na uombe radhi. Dereva bado yumo."

Sasa niseme habari ya ubao. Ukutani, mkabala na karakana yangu, kila mmoja wetu ana kibao chake. Upande mweupe maana yake yupo, upande mwekundu yuko nje. Kamanda aliweka kanuni kwamba ikifika saa kumi na mbili jioni mpokea simu aufute ubao vumbi na kuvigeuza vibao vyote viwe vyeupe, kwa kuwa kikosi cha mashujaa, alisema, hakiwaonyeshi wageni ubao mwekundu. Hatukuona tatizo. Kila siku tulikuwa tumesharudi kabla ya saa hiyo.

Miaka mitatu iliyopita Kamanda aliondoka peke yake saa kumi na moja na nusu jioni kwenda kwenye ghala lililokuwa likiungua. Ukuta ulimwangukia. Tulipita mbele ya ubao tukaona kibao chake cheupe, tukaaga, tukaenda zetu. Tulimpata asubuhi, tumechelewa kwa saa kumi na tatu.

Kila mmoja akawa na swali moja: nani aligeuza kibao?

Mshukiwa namba moja nilikuwa mimi. Sina nguvu ya kuzaliwa nayo. Niliingia hapa na bisibisi na nikajifunza kazi kwa kuunguza vidole. Mlango wangu unatazamana na ubao, na wiki ile nilikuwa nimegombana na Kamanda kuhusu mkanda wake wa kazi niliokuwa nikiutengeneza. Ikatosha. Chuma akaanza kunusa chai niliyopika. Mimi nami nikamshuku Kivuli, ambaye hupita ukutani kama wengine tunavyopita mlangoni. Mtu wa namna hiyo anashukiwa hata akiwa amelala. Alipoona tunamtazama akaanza kubisha hodi, na hapo ndipo tukamshuku zaidi. Tangu lini Kivuli anabisha hodi? Upepo, mwenye mbio kuliko sisi sote, akawa anafika kwenye tukio wa mwisho, kwa sababu hakutaka kutugeuzia mgongo. Zamani tulifika kwa dakika sita. Ikawa kumi na tisa.

Baada ya miezi kumi na minne tukaitana kupiga kura ya kuvunja kikosi. Wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi. Mikono ilipofika minne, yaani yote, Mama Simu, ambaye hana kura, akasimama.

"Kibao nilikigeuza mimi. Saa kumi na mbili, kama kawaida. Nilifuta, nikageuza, sikuangalia."

Chuma akauliza kwa nini amenyamaza muda wote huo.

"Niliogopa," akasema. "Halafu nikasubiri mmoja wenu aniulize."

Nilikwenda kupekua kumbukumbu zangu. Mimi niliulizwa mara thelathini na moja. Kivuli ishirini na mbili, nyingi nikimwuliza mimi. Mama Simu, aliyekaa hatua nne kutoka kwenye ubao, hakuulizwa hata mara moja, ingawa kanuni ya saa kumi na mbili tuliijua sote; tulikuwa tunatafuta msaliti. Sijamsamehe yote, naye anajua. Lakini hesabu hiyo ni yetu, si yake.

Kisha akaweka mezani daftari la bluu. Ndani yake mlikuwa na simu 2,318 ambazo Kamanda, Mungu amrehemu, alimwamuru azikatae kwa kuwa hazikuwa za hadhi ya mashujaa. "Mnavunja kikosi na kazi iko hapa," akasema. Upepo ndiye aliyefungua ukurasa wa kwanza.

Namba moja alikuwa mzee ambaye kabati lake lilianguka likaziba mlango wa chumba chake cha kulala. Alitutazama kupitia tundu la mlango wa mbele. "Mmekuja kuchukua nini?" Tukamweleza. "Mimi niliwapigia nikiwa na meno!" Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akilala sebuleni. Chuma aliinua kabati, Kivuli akapita ukutani kufungua komeo lililojifunga kwa ndani kwa kishindo kile, mimi nikarekebisha bawaba. Mzee akakagua mifuko yetu kabla hatujaondoka, kisha akaingia chumbani mwake, akakaa kitandani na kutufukuza kwa upole.

Tangu siku ile tunatoka wawili wawili, na hakuna anayegeuziwa kibao na mtu mwingine. Tumekwisha kuhudumia 1,045 za daftari, zimebaki 1,273, na mwito wa dharura tunafika kwa dakika tano.

Jana, nikilikagua daftari kabla ya makabidhiano, nimekuta namba 2,319, mwandiko wake, wino mbichi: mlango wa jikoni unakwama, na anuani ni ya nyumbani kwake. Nina shaka. Mlango huo niliutengeneza mimi mwaka jana na haukwami. Halafu kwa mwendo wetu wa simu kumi na moja kwa wiki, zamu yake itafika wiki ya mia moja na kumi na sita, na kanuni ni kanuni.

Ijumaa tutasimama wote mbele ya ubao. Atakigeuza kibao chake mwenyewe kiwe chekundu, nami nitakuwa naangalia. Jumamosi asubuhi nitapita kwake na bisibisi, pamoja na Kivuli, ambaye safari hii atabisha hodi kwa heshima.

Asante kwa kila rangi ya mlango uliyoiuliza. Kaa salama, Mama Simu, na usiuguse mlango huo mpaka tufike.