Barua Pepe ya Kisukuma

Kivuko kutoka Kamanga kilikuwa kinakaribia mjini, na Kashindye alikuwa bado anaitazama simu kama mtu anayetazama nyoka. Mzee Ogweno, jirani yake wa benchi, akashindwa kuvumilia. "Binti, umefiwa?"

"Hapana, baba. Nilimwandikia mwenzangu kiwandani habari za mgomo. Barua pepe zetu za kazini zinachujwa na mashine, neno mgomo halipiti. Nikaandika Kisukuma."

Mzee akacheka, maana Mjaluo hakosi la kumcheka Msukuma. "Mashine ikashindwa!"

"Ikashindwa. Isichokielewa inampelekea msimamizi wa mitandao asome mwenyewe."

"Naye?"

"Mtu wa Magu. Amenijibu kwa Kisukuma kizuri kuliko changu, eti nikifika nianzie ofisini kwake."

Kicheko kikamkauka mzee. "Enzi zetu walifungua barua kwa mvuke wa birika, wakazibandika tena kwa aibu. Huyu anakujibu kabisa! Usiende peke yako. Waite wenzako."

"Niwaambie nini, baba? Barua haikufika. Aliyeisoma ni yeye tu."

Kivuko kikagusa gati. Kashindye akainuka wa mwisho, akiwarudia moyoni, mmoja mmoja, wenzake aliowataja kwa majina katika barua ile.