Ukurasa wa Kumi na Moja wa Baba Ildephonse

Mheshimiwa Mwakilishi wa Meya wa jiji letu la Uvira. Bwana Mkurugenzi wa Ofisi ya Vyeti vya Raia, pamoja na wakubwa wote wa idara. Mapadri na wachungaji mliotuombea asubuhi hii. Wakuu wa mitaa. Baba Ildephonse, mwenye siku ya leo, na Mama Anne, uliyevumilia miaka yote hiyo mume akirudi nyumbani na mafaili kwapani. Wanachama wenzangu wa Chama cha Watu Wenye Ulemavu, mliofika kwa magongo, kwa baiskeli za mikono na kwa kushikwa mkono. Ndugu wageni, kila mtu kwa cheo chake na kwa heshima yake: ninawasalimu.

Nimepewa dakika kumi. Nimesomewa programu, na mbele ya jina langu pameandikwa: "Maneno ya shukrani kutoka kwa walengwa." Walengwa ndio sisi. Nitashukuru, msiwe na wasiwasi. Lakini Baba Ildephonse nimemjua kwa miaka mitatu. Miwili ya kwanza nilikuwa simwamini, na huu wa tatu bado ninaufikiria. Nikimsifu hapa jinsi wanavyosifiwa watu wote wanaostaafu, yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kucheka.

Kwa wasionijua, ninaitwa Émérance. Ninakaa Nyamianda, ninafuma sweta kwa mashine ya mkono, na wateja wangu wengi ni watu wa milimani, wa Lemera na zaidi ya Lemera, kule ambako baridi haina mchezo. Surua ilinichukua macho nikiwa na miaka tisa. Watu husema mimi ni mtu wa kushuku. Ni kweli. Lakini je, mmewahi kujiuliza mtu asiyeona hufundishwa na nani kushuku?

Mimi nilifundishwa na karatasi. Mume wangu alipofariki, nilikwenda kwenye ofisi moja kutafuta cheti cha kifo. Mtu mmoja pale mlangoni akanijazia fomu kwa upole sana, akanishika kidole, akakipaka wino, akakibonyeza chini ya maandishi. Nikamshukuru. Miezi miwili baadaye shemeji zangu walifika na nakala ya cheti hicho, wakidai nyumba. Pale palipotakiwa kuandikwa "mke wa marehemu", pameandikwa "jirani". Jirani! Mimi niliyemzalia watoto wanne. Nilizunguka miaka miwili na mashahidi wa kanisa kuthibitisha kwamba katika nyumba ile nilikuwa nikilala kama mke. Mpaka leo sijui kama yule mtu alikosea au alitumwa. Ninachojua ni kwamba kama karatasi ile ingeweza kunisomea yenyewe kabla sijaweka kidole, ningekuwa nimelala usingizi wangu miaka ile miwili.

Kwa hiyo mwaka juzi, niliposikia kwamba Ofisi ya Vyeti inanunua mashine ambazo kwazo mtu asiyeona, asiyesikia au asiyetembea atajiombea cheti mwenyewe, bila mtu wa mlangoni, nilifurahi kama mtoto. Wakaniweka kwenye tume ya kupokea vifaa. Nilivaa kitenge kipya.

Siku ya kuonyeshwa mashine, ukumbi ulijaa kama leo. Kampuni iliyozileta sitaitaja. Ilimtuma kijana mmoja mwenye maneno matamu, Pitchou. Akanishika mkono akaniambia, "Mama, weka mukono hapa, usiogope. Iko inasema Kiswahili bila shida."

Nikabonyeza. Mashine ikasema: "Karibu. Tafadhali andika jina lako." Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilikaribia kupiga.

Vitufe vilikuwa na alama za kupapasa, hilo sikatai. Lakini badala ya jina langu niliandika neno "mahindi". Mashine ikajibu: "Asante. Jina lako limepokelewa." Nikaandika "mbuzi". "Asante. Jina lako limepokelewa." Na kila iliposema "asante", nyuma ya sauti ile nilisikia pikipiki ikipiga honi, mahali palepale, honi ileile. Ilikuwa sauti ya mtu aliyerekodiwa karibu na barabara, basi. Mashine haikuwa ikisoma kitu.

Nikasema, "Inisomee kile nimeandika."

"Mama, rezo iko chini leo," Pitchou akanijibu, akimaanisha mtandao.

"Kusoma neno moja kunataka rezo?"

Nikamwita Ganza wa chama chetu, ambaye leo amekaa pale mbele kwenye baiskeli yake ya mikono. Ganza alijaribu kusogea, magurudumu yakagonga kizingiti cha ile mashine, na kioo kilikuwa juu ya kichwa chake kama picha ya harusi iliyotundikwa ukutani. Nikamwita dada yetu Igiraneza, asiyesikia. Kwa ajili yake kulikuwa na video ya mama mmoja anayezungumza kwa ishara. Igiraneza akaitazama mpaka mwisho, akaandika kwenye kikaratasi, na kikaratasi kikasomwa mbele ya watu wote: "Huyu mama anachezesha mikono tu. Hasemi kitu."

Hapo ndipo nilipokutana kwa mara ya kwanza na mtu tunayemuaga leo. Mkuu wa Manunuzi, Baba Ildephonse, aliinama karibu na sikio langu, akitaka niweke saini. "Mama Émérance, tia sinyatire kwanza. Bingine tutatengeneza kisha. Bakubwa bako wanangoja."

"Minye sitatia," nikamwambia.

"Weye uko unatafuta nini, mama?"

"Niko natafuta mashini yenye inasoma mahindi."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nitafutwa kwenye tume ile kabla ya Jumapili.

Alhamisi yake, mchana, nikiwa kwenye mashine yangu ya kufuma, nikasikia viatu vya mtu wa ofisi mlangoni. Alikuwa yeye. Nikajisemea: huyu amekuja na bahasha. Nikasimama kabisa, tayari kumfukuza. Hakuwa na bahasha. Alikuwa na faili. Akasema, "Mama, umeniaibisha mbele ya batu. Sasa nionyeshe kosa iko wapi."

"Nisomee karatasi zote mulizoandika wakati wa kununua," nikamwambia. "Zote."

Akaketi akasoma. Alisoma mchana ule, akasoma na wa pili. Niseme ukweli: anasoma vizuri, hana haraka. Na nilichosikia kilinisikitisha. Faili nene kama Biblia ilieleza urefu wa nyaya, rangi ya mashine, mahali pa kubandika nembo ya ofisi. Kuhusu sisi kulikuwa na mstari mmoja: "Vifaa viwe rahisi kwa watu wenye ulemavu." Rahisi kwa nani? Kwa kazi gani? Nani ataangalia? Na kampuni ilijibu mstari ule kwa neno moja: "Ndiyo." Ndugu wageni, hivyo ndivyo serikali inavyonunua kitu ambacho hakipo: inauliza swali ambalo hata mwongo anaweza kulijibu.

Lakini mchana ule wa pili, sikio langu lilinasa jambo. Karatasi zikifunguliwa moja moja zina mlio wake. Baada ya karatasi ya kumi ya fungu la mwisho, kwani nilikuwa nikizihesabu, nikasikia mlio mzito, wa karatasi mbili pamoja. Sikusema kitu. Nikamwomba aniache na faili hadi kesho yake, eti nizoee uzito wake. Akasita. Kisha akaniachia.

Binti yangu Victoire alipofika asubuhi, nikamwambia asome namba za kurasa za fungu lile tu. Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. "Rudi kumi na moja," nikasema. "Soma."

Victoire akasoma, kisha sauti yake ikabadilika. Ukurasa ule ulisema kwamba mashine zimejaribiwa na watu wenye ulemavu wa Uvira, nao wameridhika. Chini kulikuwa na majina matatu ya waliojaribu. La kwanza lilikuwa langu. Tarehe ilikuwa ya mwezi wa pili. Mashine zilishushwa bandarini Kalundu mwezi wa nne. Na aliyethibitisha kwa saini na muhuri: Ildephonse, Mkuu wa Manunuzi.

Kwa mara ya pili katika maisha yangu, karatasi ilikuwa imesema kwa niaba yangu jambo ambalo sikulisema.

Alipokuja kuchukua faili, sikumkaribisha kiti. "Baba Ildephonse, ukurasa wa kumi na moja, juu ya nini uliuruka?"

Nilisikia akivua kofia. "Waliniletea imeandikwa tayari," akasema. "Walisema ni desturi tu. Minye nilitia sinyatire bila kuona mashini. Miaka makumi mawili niko natia vile."

"Na jina langu, nani alilitia?"

"Njo minye nilitia, mama. Nilitoa majina mu liste ya chama yenu."

Mama Anne, unisamehe kwa kulisema hili mbele ya wajukuu. Nilimuuliza mumeo wiki iliyopita kama niliseme au niliache. Akasema, "Usipolisema, watasifu mutu mwingine."

Siku ile nilimwambia: kesho nenda mbele ya tume, usome ukurasa huo kwa sauti, wewe mwenyewe. Sikutegemea aende. Nilikwisha kutafuta mtu wa kunisindikiza kwa mwanasheria. Lakini alikwenda. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma. Alisoma hadi kwenye jina langu, akakwama, akaanza upya, akamaliza. Kisha akasema, "Hii karatasi ni ya uongo, na sinyatire ni yangu."

Mnajua kilichompata? Mashine zilirudishwa, na kijana Pitchou hatukumsikia tena. Lakini Baba Ildephonse alitolewa kwenye kiti chake, akakaa miezi saba kwenye chumba cha nyaraka za zamani, na watu aliokuwa akinywa nao chai wakawa hawamjui. Wale waliomletea karatasi ikiwa imeandikwa tayari, je, waliguswa? Wako wapi leo? Ninauliza tu. Inawezekana wengine wako humu ndani na wanapiga makofi.

Aliporudishwa kwenye kiti chake, alikuja Nyamianda na kalamu. Akasema, "Sasa muniambie, minye niandike." Tuliandika pamoja, Ganza, Igiraneza, mimi na yeye. Hatukuandika neno "rahisi" hata mara moja. Tuliandika: mtu asiyeona, akiwa peke yake, aombe cheti, na mashine imsomee kila alichoandika kabla hakijatumwa. Tuliandika: mtu aliyeketi kwenye baiskeli ya mikono afikie kila kitufe bila kuinuliwa. Tuliandika: mashine ijaribiwe hapa Uvira na watu wa Uvira kabla ya mkataba, na mwenye kujaribu ndiye aandike matokeo. Kampuni mbili zilipoona masharti hayo zikajiondoa. Baba Ildephonse alikuja kuniambia akiwa na huzuni. Mimi nilifurahi. Zilikuwa zimetueleza ukweli mapema.

Kampuni iliyobaki ilileta mashine ya mfano. Niliandika "mahindi". Ikasema "mahindi". Niliandika jina la marehemu mume wangu, na hapo, nisiwafiche, nililia.

Sasa, wakubwa zangu, ninafika mwisho, na mwisho huu haumo kwenye programu. Mashine iliyo nyuma ya pazia hili tumeijaribu, ni nzuri, mtaiona. Lakini asubuhi ya leo, kabla ya maombi, dada wa protokali, anayeongoza shughuli hii, aliniletea karatasi ya kupokea vifaa ili niitie saini hapa mbele ya kamera. Baba Ildephonse alikuwa amesimama kando yangu. Hakusubiri nimuulize. Alisema: "Mama, karatasi inaandika mashini tatu zimejaribiwa. Ni moja tu. Zile mbili za kule Runingu zimefika jana, ziko bado mu masanduku. Usitie."

Alisema hivyo siku ya kuagwa kwake, akiwa na suti mpya, wakubwa wake wakiwa hatua tatu kutoka kwake. Hiyo ndiyo zawadi ninayoitolea ushuhuda leo, na ndiyo shukrani yangu kwake.

Bwana Mkurugenzi, sidai kwamba kuna mwenye nia mbaya. Sijui. Ndiyo maana Jumatatu, saa mbili asubuhi, Ganza, Igiraneza na mimi tutakuwa Runingu, na tunaomba masanduku yafunguliwe mbele yetu. Baba Ildephonse hatakuwa tena mfanyakazi wenu; amesema atakuja kwa miguu yake. Zikisoma, nitatia saini siku hiyohiyo. Zisiposoma, mtasikia.

Kalamu nimemrudishia dada wa protokali. Baba Ildephonse, pumzika vizuri, lakini si kabla ya Jumatatu. Nanyi nyote, asanteni kwa masikio yenu.