Fundi wa Kufuli Aliyefungiwa Nje

Baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, mtoto wa pili wa seremala. Shule aliishia darasa la nane. Mwalimu wake alilalamika kwamba hesabu anapata zote, ila kengele inalia yeye bado anaandika. Mwendo huo hakuubadilisha maisha yake yote.

Alijifunza ufundi wa kufuli, na mwaka 1966 akafungua karakana yake nyuma ya nyumba. Alikuwa na sharti moja: hagusi kufuli mpaka aliyeifunga awe amesimama pale pale. Mwenye nyumba mmoja alipotaka afunguliwe chumba cha mpangaji wake, Baba alimjibu, "Mwite mwenyewe kwanza. Mimi nipo, nakunywa chai."

Mwaka 1968 alimwoa Mama, aliyekuja kuchongewa ufunguo wa kabati akasubiri mpaka jioni. Mama anasema angeshaondoka, lakini hakuwahi kusikilizwa na mtu kwa utulivu namna ile.

Kuhusu ugonjwa, hakuugua. Mwaka jana alisahau birika jikoni likaungua. Kaka yetu mkubwa, huyu aliyekaa mstari wa mbele, akampeleka hospitali. Wakambandika nyaya kichwani, wakamwambia afumbe macho atulie. Daktari akatoka na jibu lake: "Mawimbi ya ubongo yanakwenda polepole mno. Mzee amekwisha huyu."

Mimi, kitinda mimba, nilimpeleka kwa daktari mwingine, wa wazee. Akacheka. "Mtu wa themanini na kitu, ubongo wake ukitulia, umeme wake haukimbii kama wa kijana. Mbona mvi hamjazishtaki? Ongeeni naye, mtajua kama yuko sawa." Kaka hakutaka kusikia. Alitia kufuli mpya kwenye karakana, eti Baba atajikata.

Nina hasira, na sitaificha eti kwa sababu tuko makaburini. Kufuli ile Baba angeifungua kwa waya, macho kayafumba. Hakuifungua. Kila asubuhi alibeba kiti akakaa mbele ya mlango wake mwenyewe. Nilipomsihi afungue, alinijibu, "Aliyefunga hayupo, mwanangu. Akija tutafungua."

Na Kaka alikuwa anakuja. Anakaa mtaa wa pili tu. Kila alipotokea, Baba aliinuka kwenye kiti. Kaka alimwambia, "Shikamoo Baba, wewe pumzika tu," akapita kwenda kumsalimia Mama. Baba akakaa tena.

Alifariki tarehe 14 Agosti mwaka huu, hapo hapo kitini. Wameandika kwamba ni moyo. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu sita. Ufunguo wa karakana anao Kaka mfukoni, hata sasa hivi.

Nimeambiwa nimalizie kwa kumwombea mapumziko. Baba, mimi nakuombea amani. Kupumzika walishakupumzisha ungali hai.