Mabanda Mawili ya Genkuru

Sogeeni karibu, Heche na Verdiana, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na mama yenu akiwa bado kule bandani nataka niseme yanayomhusu.

Miaka ile watu wa Genkuru walipokimbilia dhahabu, mimi nilishuka mashimo ya Kewanja nikamwachia mama yenu nguruwe, na kila watoto wa nguruwe walipoachishwa kunyonya walihara wakafa. Jirani yetu Kisyeri, ambaye hakwenda kuchimba, ndiye aliyemwambia, "Shemeji, matumbo yao bado yamezoea maziwa. Chachusha uji wa mtama, uwachanganyie kwenye pumba kidogo kidogo." Niliporudi na kifua hiki kilichojaa vumbi la mawe, nikakuta vinguruwe vimenona, vinang'aa, na mke wangu kila tukila anamtaja Kisyeri, na Kisyeri hasemi tena shemeji, anasema Judith.

Basi nikaenda Tarime nikanunua unga wa vitamini wa kuchanganya kwenye chakula, nikajenga banda la pili, mimi na mama yenu tukagawana uzao mmoja nusu kwa nusu, wa kwake wakala uji wa Kisyeri, wangu wakala unga wangu. Wangu wakahara. Mama yenu hakunicheka. Aliwabeba mmoja mmoja mpaka banda lake, akawanywesha ule uji, wakapona. Afadhali angenicheka. Wanangu, sijamkuta Kisyeri na ubaya wowote hata mara moja, lakini kila nikisikia harufu ya ule uchachu moyo wangu unawaka, mpaka leo hii ninapokufa.

Sasa shikeni neno langu. Nguruwe wote na mabanda yote mawili ni ya mama yenu; baba zenu wadogo wakija kudai, Heche, simama mbele yao. Shamba mgawane, na Verdiana apate sawa na wewe. Nikishazikwa Kisyeri atakuja, najua atakuja. Msimfukuze. Mama yenu akitaka kuolewa naye, msimzuie. Ila... nipeni maji kidogo... ila asije kumposa kabla majani hayajaota juu ya kaburi langu. Hilo tu ndilo ninalomnyima.

Mungu awalinde, awape watoto wenye afya, awape... awape kupendana bila kuungua kama mimi. Basi. Nimechoka. Mwiteni mama yenu aje akae hapa kitandani. Mwambieni nguruwe... leo wasubiri.