Fimbo Juu ya Jeneza la Ludolf Brenner

Marehemu Ludolf Brenner, mpima njia wa mji wetu wa Steinbrück, alizaliwa siku ya Mtakatifu Gallus, mwaka 1338, mtaa wa watengeneza ngozi, kule ukutani ambako mji mzima humwaga uchafu wake. Anayesoma haya ni dada yake, Walburga, wala hasomi ili kumfurahisha mtu. Nusu yenu mmekuja kwa kuogopa faini ya chama cha maseremala. Karibuni hivyo hivyo.

Alisoma kwa padri wa kanisa la sokoni majira mawili ya baridi, akafukuzwa kwa kusema kwamba altare imekaa upande. Ilikuwa imekaa upande. Ndipo akajifunza useremala, na mwaka 1362 akakabidhiwa fimbo ya mji, ya kupimia upana wa njia. Kila mwaka alipita njia zote juu ya farasi, fimbo imelazwa kwa upana kwenye tandiko. Orofa iliyotokeza njiani hadi ikaguswa na fimbo, ilikatwa. Mlimtukana sana, naye alikuwa akirudi nyumbani anakula supu yake ya kabichi na kulala fofofo.

Mwaka 1364 alimwoa Adelheid, dada yake Kuntz Hornig wa Uchochoro wa Wafumaji. Mwaka huohuo fimbo iligonga orofa mpya ya Hornig.

"Shemeji, ni shubiri moja tu," Hornig alisema. "Utaniaibisha mbele ya dada yangu?"

"Haya, kwa ajili ya Adelheid," marehemu akajibu, akainua fimbo, akapita.

Majirani waliona. Nao wakatokeza za kwao, mpaka mtu wa upande huu akawa anaweza kumpa mwenzake wa ng'ambo chumvi dirishani.

Siku ya Mtakatifu Lucia, 1371, moto ulizuka kwa waokaji, ukaruka paa kwa paa hadi Uchochoro wa Wafumaji. Mkokoteni wa ngazi ulikwama chini ya orofa ya Hornig. Mbele ya mkokoteni, kwenye dirisha la nyumba iliyokuwa ikiwaka, alikuwa Gisela, binti mdogo wa marehemu. Baba yake aliuvuta mkokoteni ule mpaka ngozi ya viganja ikabanduka. Gisela hakutoka.

Hornig alijenga upya, palepale, upana uleule. Safari hii alikuwa mjumbe wa baraza, na baraza likakataza fimbo isipite kwake. Marehemu aliomba kila mwaka, akachekwa kila mwaka. Inauma mpaka leo.

Kifua kilimshika msimu wa mavuno uliopita. Kabla ya kufariki alfajiri ya tarehe 9 Februari, 1391, alimwambia mkewe anataka kupitishwa kwa wafumaji.

"Hata maiti yako itagombana na watu?" Adelheid akamuuliza.

"Waache wagombane nayo. Mimi nitakuwa nimelala."

Ameacha mjane, mwana wao Wendel, na dada. Ameacha pia shemeji, ambaye sasa hivi anasogea mlangoni. Hornig, simama. Desturi ya chama unaijua: seremala huzikwa na kifaa chake juu ya jeneza, na njia ya maiti haizuiwi na yeyote, hata mjumbe. Fimbo imelazwa kwa upana. Wendel ametangulia na msumeno.

Lala, kaka yangu, kwa amani uliyonyimwa. Wabebaji, inueni. Tunapita kwa Hornig.