Krrr-ngo ya Mshonaji

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mshonaji alikuwa akimweleza jirani yake, fundi magari, kwamba Jumamosi anamtoa mama mkwe hospitali, na gari lake kuukuu linalia.

“Linaliaje, dada?”

“Kwi-kwi-kwi.”

“Mkanda wa feni huo. Na mlimani?”

Dada akavuta pumzi, akaupanda mlima kwa koo lake: “Krrr-ngo! Krrr-ngo!”

“Basi ni klachi. Usithubutu kumpakia mkwe!”

“Si umesema mkanda sasa hivi?”

“Hebu rudia, gia ya pili, kwa nguvu.”

Akarudia. Dereva akashtuka, akadhani ni basi lake, akaegesha kando na kushuka kufungua boneti. Ukweli niliujua, ila shule ya bweni imenifunza nisiingilie mazungumzo ya wakubwa.