Bi Oleta Hamrick na Sheria ya Siku ya Rampi

Wasikilizaji wapendwa, kama una kitu jikoni, punguza moto, vuta kiti, kaa nami kidogo. Leo tuna mtu wa kumkumbuka, na si mtu wa kukumbukwa huku umesimama.

Bi Oleta Hamrick ametutoka. Alifariki Jumanne, usingizini, nyumbani kwake Laurel Fork, hapa kwetu Kaunti ya Braddock, West Virginia. Kwa wewe uliyewasha redio sasa hivi, narudia: Bi Oleta Hamrick, mpishi mkuu wa ukumbi wa zimamoto wa Laurel Fork, mama yake Twila, mjane wa Denzil, ametutoka.

Tangu jana simu ya studio haijapumzika, na wote mnauliza jambo lile lile. Kwa nini mazishi ni Jumapili? Kwa nini si Jumamosi kama watu wengine? Nikampigia Twila, binti yake, nikamuuliza. Akacheka.

"We mtangazaji, umezaliwa wapi? Jumamosi si rampi? Nikimzika Mama siku ya rampi, atainuka jenezani anichape na mwiko."

Nikaona haya. Naam, Jumamosi ni rampi. Theluji imekwisha, vitunguu mwitu tunavyoviita rampi vimechipua mlimani, na Jumamosi tutavila kwa viazi, maharage na mkate wa mahindi mpaka tunuke wiki nzima. Siku hiyo Laurel Fork hakuna harusi. Hakuna mnada. Hakuna mazishi. Hata aliyekufa anasubiri. Shikeni hapo, wasikilizaji, maana ndipo habari yote ya Bi Oleta ilipofungwa.

Oleta alizaliwa kwenye nyumba za kampuni ya makaa ya mawe, akaolewa na Denzil Hamrick, mchimbaji, mtu mrefu mwenye mdomo usiojua kunyamaza. Alipika kwenye shule yetu. Nusu ya mnaonisikiliza mmekula kwa mkono wake, na nusu hiyo hiyo mmewahi kugombezwa naye kwa kubakiza maharage.

Lakini ufalme wake ulikuwa jiko la ukumbi wa zimamoto, siku ya rampi. Humo alikuwa na amri moja. Mwanasiasa akija kuomba kura, hapewi kipaza sauti. Anapewa aproni na karai la vitunguu vyenye udongo. Ukitaka kusema, sema huku unaosha. Wengi waliondoka na hotuba zao mfukoni na matope kwenye viwiko.

Sasa, Denzil alitoka mgodini na mapafu yake yamejaa vumbi. Sihitaji kuwaeleza mapafu meusi ni nini, kila ukoo hapa una mtu wake. Kilichomshikilia Denzil ni gari la kliniki. Lilikuwa la Shirika la Afya ya Milimani, shirika lisilotafuta faida, lililoundwa kwa sheria ya jimbo enzi za migomo ya wachimbaji. Lilikuja Laurel Fork kila mwezi, likaegesha mbele ya ukumbi wa zimamoto. Wazee walipanda, wakapuliza kwenye mrija wa kupima mapafu, nesi akasikiliza vifua vyao, akakamata homa ya mapafu kabla haijawakamata wao.

"Nesi," Denzil alikuwa akisema, "nikipuliza na roho ikatoka, irudishe. Nina deni la kumuudhi mke wangu mpaka uzee."

Halafu mwezi mmoja gari halikuja. Na mwezi uliofuata halikuja.

Oleta akapiga simu Charleston, makao makuu ya jimbo. Akajibiwa kwa adabu kabisa. Bodi ya Shirika imeondoa gari la Braddock. Iliita mkutano wa hadhara hapo Charleston, wananchi wakaalikwa watoe maoni, hakuja hata mmoja, kwa hiyo ikachukuliwa kuwa hawana pingamizi.

"Mkutano ulikuwa lini?" akauliza.

Akatajiwa tarehe. Twila alikuwa pale jikoni, msichana wa shule wakati huo. Anasema mama yake alikaa chini taratibu, simu bado sikioni.

"Denzil," akasema, "walituita siku ya rampi."

Haikuwa hila, wasikilizaji wapendwa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angekuta hila angepigana nayo, alikuwa na kifua cha kupigana. Hawakujua tu. Bodi nzima, viti vyote vimejaa watu wa mjini walioteuliwa na gavana, na hapakuwa na mtu mmoja wa kuwaambia: jamani, siku hiyo wale hawaji, hata mkiwaita kwa tarumbeta.

Ikabidi Denzil apelekwe kliniki ya mjini, ng'ambo ya mlima. Barabara ile mnaijua. Alikohoa kila kona, akarudi uso umekuwa rangi ya majivu. Safari ya pili akagoma.

"Siendi tena, Oleta. Kama ni kukohoa, nitakohoa hapa hapa, nauona mlima wangu."

"Daktari kasema usipopimwa, homa moja tu itakuchukua."

"Basi ije yenyewe. Mimi siifuati mjini."

Oleta alijua Denzil akigoma kagoma. Ili mume wake aishi, gari lilipaswa kurudi Laurel Fork. Na gari lisingerudi mpaka bodi ibadilike. Na bodi iliundwa na sheria ya jimbo, kwa hiyo sheria ya jimbo tu ndiyo ingeweza kuibadili. Mpishi wa shule akapiga moyo konde.

Majira ya baridi yale Denzil aliponea tundu la sindano. Lakini aliponea. Rampi za kwanza zilipochipua, Oleta alimkaangia Denzil kwa mayai asubuhi, na yeye mwenyewe akala sahani yake, akavaa koti la kanisani, akashika njia ya Charleston. Bunge la jimbo lilikuwa limeitwa kwenye kikao maalumu.

Hapo ndipo alipokosea. Au tuseme, ndipo alipopatia bila kujua. Sisi tuliozoea hatujisikii, lakini mtu aliyekula rampi asubuhi anatangulia kunukia chumbani kabla hajaingia. Aliingia kwenye lifti ya Bunge, mabibi na mabwana wakatoka mmoja mmoja, kila mtu kakumbuka shughuli nyingine. Akabaki bwana mmoja mnene mwenye tai. Amefumba macho. Pua zinacheza.

"Unaumwa, bwana?" Oleta akamuuliza.

"Mama, umekula rampi."

"Na wewe unatamani."

Bwana akafumbua macho. "Mwalimu wangu alikuwa akinirudisha nyumbani kwa harufu hiyo. Sijaila tangu nihamie mjini. Mke wangu hataki kuisikia."

Alikuwa Seneta Hobart Stemple, mwenyekiti wa kamati ya afya. Oleta alikuwa ameandaa maneno yake yote njia nzima, kayapanga vizuri. Akayaacha yote.

"Jumamosi," akasema, "ukumbi wa zimamoto, Laurel Fork. Njoo na njaa."

Na Seneta akaja, viatu vinang'aa. Oleta akamtupia aproni. Akamkalisha kwenye karai, kando ya Denzil na mtungi wake wa oksijeni.

"Wewe ndiye Seneta?" Denzil akamuuliza. "Nilidhani wako warefu."

"Na mimi nilidhani wachimbaji hawasemi sana."

"Hao ni waliokufa. Kata mizizi, mzee, usikate mboga!"

Wakaangua vicheko pale, mpaka kikohozi kilipomshika Denzil. Kilimshika sana. Kilimkunja mpaka paji la uso likagusa ukingo wa karai. Seneta akaacha kuosha. Watu wengine wa jikoni waliendelea na kazi, maana walishakizoea, na nadhani kule kuzoea kwao ndiko kulikomtisha zaidi.

Oleta akamfuta mumewe mdomo, kisha akamgeukia mgeni.

"Sitaki mtu afukuzwe kwenye bodi ile. Wana elimu yao, waibakishe. Nataka viti. Nusu ya viti vichaguliwe na kaunti zinazohudumiwa. Na mkitaka kuondoa gari la watu, njooni mkutane kwa hao watu, muwaambie machoni."

"Bi Oleta, hilo linahitaji sheria mpya."

"Basi tunga. Mikono imeshalowa."

Muswada ukaandikwa. Siku ya kamati, basi zima la watu wa Braddock lilishuka Charleston. Wamevaa aproni za rampi. Walinzi wakafungua madirisha yote.

Wakili wa bodi akasimama, mtu mpole, mwenye hoja. Akasema: "Waheshimiwa, wananchi wa Braddock waliitwa kwenye mkutano wa hadhara. Hakuja hata mmoja. Leo wanadai viti. Je, watavikalia?"

Chumba kikapoa. Hoja ilikuwa nzito, na baadhi ya wajumbe walitikisa kichwa kukubali. Twila anasema alimwona mama yake akikunja ncha ya aproni, kama alivyokuwa akifanya kila Denzil alipochelewa kutoka mgodini.

Oleta akasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba bwana atusomee tarehe ya mkutano ule."

Wakili akaisoma. Ilikuwa Jumamosi. Mjumbe mmoja wa milimani akaziba mdomo. Wa pili akainamisha kichwa mezani. Halafu sauti ikatoka nyuma: "Siku ya rampi!" Chumba kizima kikaangua kicheko, mpaka karani akaweka kalamu chini.

Oleta peke yake hakucheka.

"Bwana wakili," akasema, "siku hiyo kwetu hata aliyekufa anasubiri. Ninyi mlitaka mtu aliye hai aje?"

Kicheko kikafa. Akaendelea, sauti imeshuka.

"Sisemi ninyi ni watu wabaya. Nasema hamkujua. Mngekuwa na mtu mmoja wa kwetu pale mezani, angewaambia kabla kahawa haijapoa, na mume wangu asingekaa majira yote ya baridi akingojea homa. Ni hilo tu. Tuwekeni mezani."

Ikapita kamatini. Siku ya kura ya Bunge zima tuliirusha hapa, moja kwa moja, kwenye redio hii hii. Denzil alikuwa jikoni kwake, sikio limegusa spika. Majina yakaitwa. Ndiyo. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Ilipopita, Laurel Fork walipiga king'ora cha zimamoto, na watu wa bonde la pili wakatoka mbio na ndoo. Wakaambiwa hakuna moto, ni sheria. Jamani! Sijawahi kuona watu wakishangilia sheria namna ile, na nimetangaza mpaka fainali za mpira.

Kwa wewe uliyechelewa, sheria ilisema hivi. Nusu ya viti vya bodi ya Shirika la Afya ya Milimani vinachaguliwa na kaunti zinazohudumiwa. Huduma haiondolewi mpaka bodi ikutane ndani ya kaunti hiyo. Na mwishoni Seneta Stemple akachomeka kifungu kimoja kifupi: bodi haitakutana popote siku ya mlo wa rampi wa kaunti yoyote iliyo mwanachama. Gavana alipokifikia alicheka peke yake, kisha akatia saini.

Gari likarudi. Denzil alilingojea mbele ya ukumbi, amevaa kofia mpya. Akapanda ngazi zile polepole, akakataa mkono wa nesi, akapuliza.

"Imetoka?" akauliza.

"Nini?"

"Roho."

"Haijatoka, Denzil."

"Oleta! Umeshindwa kuniua tena!"

Alipuliza mrija ule miaka mingi kuliko daktari yeyote alivyothubutu kuahidi. Alipoondoka, aliondokea kitandani kwake, mlima wake uko dirishani, mkono wake uko kwa mkewe. Na Oleta akakaa kwenye kiti cha Braddock katika bodi mpaka masikio yake yalipochoka. Mkurugenzi wa sasa wa Shirika ameniambia kwamba alipoajiriwa, Bi Oleta hakumuuliza kasoma wapi. Alimuuliza kama anajua kuosha rampi. Alipojibu hajui, alipewa karai.

Twila, pole sana, dada yetu. Poleni wajukuu, poleni ukoo wote wa Hamrick. Seneta Stemple, najua unatusikiliza, pole na wewe mzee wetu. Tumeambiwa utakuwa miongoni mwa wabeba jeneza, na hakuna atakayeuliza kama mgongo unaruhusu.

Jumamosi basi tunakula rampi, kama alivyotaka. Bodi nzima ya Shirika inakuja, wa mjini na wa milimani. Twila amenithibitishia kwamba hakuna atakayepewa kipaza sauti. Gari la kliniki litakuwa mlangoni, milango wazi, na Bi Oleta aliacha neno: asiletewe maua. Kila mtu apande kwanza, apulize, ndipo akale. Na kabla hujakaa, tazama meza yako, ya nyumbani au ya kazini, ujiulize ni nani hakuwekewa kiti.

Jumapili tunamzika, kando ya Denzil.

Kawaida hapa huwa tunakaa kimya dakika moja. Leo sitawaomba ukimya, maana Bi Oleta hakupigania ukimya. Nawaomba pumzi. Popote ulipo, vuta ndefu, mpaka chini kabisa. Ishike.

Sasa iachie, taratibu, kwa niaba ya Denzil.